Kuvuka Mlima kwa Baiskeli Yenye Mizigo: Mwongozo wa Siku Moja

Wanaojiandaa kupanda milima kwa baiskeli kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale. Baiskeli yangu itaweza? Nikiishiwa nguvu katikati nifanyeje? Nikishuka nikasukuma, safari imeharibika? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata siku moja tu, tangu unapofungasha hadi unapopata pa kulala upande wa pili wa mlima.

Mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kuvuka mlima mrefu akiwa na hema, nguo na sufuria kwenye keria. Wengi wanaokwama hawakwamishwi na udhaifu wa miguu. Hukwamishwa na saa ya kwanza waliyoikimbiza, au na gia nzito, au na mteremko waliodhani ni wakati wa kupumzika.

Nachukulia kwamba umekwisha kuendesha siku nzima kwenye barabara tambarare ukiwa na mizigo yote. Kama bado, anza hapo. Mlimani si mahali pa kugundua kwamba kiti kinakuumiza. Na neno moja la kuelewana: pale barabara inapomaliza kupanda na kuanza kushuka nitapaita kilele, hata kama majabali ya pande zote mbili bado yanakuzidi kimo.

VITU VYA KUWA NAVYO

Tuanze na gia, kwa sababu ndiyo inayoamua siku yako. Watu huuliza wafanye mazoezi ya miezi mingapi, kumbe wangechuchumaa kwanza wahesabu meno. Tazama sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni: ndogo kabisa ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma. Kwa baiskeli yenye mizigo, ile ya nyuma iwe na meno mengi kuliko ya mbele. Mfano mzuri ni meno 26 mbele na 36 nyuma: kila pedeli zinapozunguka mara moja, baiskeli inasogea kama mita 1.5. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 5.5 hivi kwa saa. Ni mwendo mdogo, lakini unakwenda na unapumua.

Sasa chukua baiskeli ya mbio yenye 34 mbele na 28 nyuma. Kwa mzunguko uleule wa miguu utakuwa na mwendo wa kilomita 9 kwa saa, upende usipende. Kwenye mlima wa ukali wa asilimia 8 (unapanda mita 8 kila mita 100), wewe na baiskeli na mizigo mkiwa kilo 100, gia hiyo inakudai wati 200 hivi (wati ni kipimo cha nguvu unayotoa). Ile ya kwanza inadai kama 120. Wati 120 wengi wanaweza kuzitoa asubuhi nzima. Wati 200 ni wachache. Ikibidi utumie fedha kwa kitu kimoja kabla ya safari, badilisha sproketi.

Usione haya kuwa na gia nyepesi. Paul de Vivie, Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Vélocio na aliyefariki mwaka 1930, alizitetea gia nyingi zama ambazo wengi waliziona ni za wanyonge. Mashindano ya Tour de France yenyewe hayakuruhusu mkono wa kuhamisha cheni hadi mwaka 1937. Ubishi huo umekwisha siku nyingi.

Vingine vya kuwa navyo:

- Pedi za breki zenye unene wa kutosha, pamoja na jozi moja ya akiba.
- Tairi zenye upana wa milimita 35 hadi 50. Nyembamba zaidi ya hapo zitakusumbua kwenye changarawe na mashimo, hasa wakati wa kushuka.
- Tyubu mbili, viraka, solusheni ambayo haijakauka (fungua uhakikishe), vijiti vya kubandulia tairi, na pampu.
- Funguo za pembe sita, kifaa cha kukatia cheni, kiungo cha kuunganishia cheni, na spoki tatu au nne za urefu unaolingana na za gurudumu lako la nyuma.
- Koti lisilopitisha upepo wala maji, glavu za vidole vizima, kofia nyembamba ya kuvaa ndani ya helmeti, na fulana moja kavu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki.
- Vyombo vya maji vya kufikisha lita 3.
- Taa ya mbele na ya nyuma, hata kama hupangi kuendesha usiku. Barabara za milimani zina mahandaki na ukungu.
- Ramani iliyohifadhiwa ndani ya simu, na nyingine ya karatasi. Baridi humaliza betri haraka.
- Miwani, mafuta ya kukinga jua, blanketi jepesi la foili, na dawa ndogondogo.

HATUA KWA HATUA

1. Usome mlima siku moja kabla

Umbali wa kilomita haukuambii lolote la maana milimani. Unachotafuta ni jumla ya mita utakazopanda. Tahadhari hapa: usitoe tu kimo cha unapoanzia kwenye kimo cha kilele. Barabara nyingi hupanda, zikashuka bondeni, zikapanda tena, na kila mita uliyoshuka njiani utailipa upya. Programu za ramani huonyesha mchoro wa kimo cha njia. Kwenye ramani ya karatasi hesabu kontua, yaani mistari ya kimo.

Baiskeli yenye mizigo hupanda kati ya mita 300 na 500 za kimo kwa saa. Mgeni achukue 350. Mfano: barabara ya Stelvio nchini Italia, ukianzia Prato, ina urefu wa kilomita 24.3 na inapanda mita 1,808 hadi kwenye kilele chenye kimo cha mita 2,757. Wastani wa ukali ni asilimia 7.4, na kuna kona 48 za kugeuka nyuma. Gawa 1,808 kwa 350, unapata saa tano na ushei za kukanyaga pedeli bila kusimama. Ongeza saa moja na nusu ya kula, kupumzika na kuvaa makoti. Kwa hiyo kilomita 24 zinakula saa sita na nusu, na hujaanza kushuka. Mtu anayepanga kwa kilomita peke yake angejiwekea saa mbili.

Ukishapata hesabu yako, andika mambo matatu kwenye karatasi: mahali pa mwisho pa kujaza maji kabla ya kilele, mahali pa kujikinga ukipatwa na mvua, na saa ya kugeuza. Saa ya kugeuza ni ile ambayo, ukiwa hujafika kilele, unarudi chini bila mjadala. Iandike ukiwa bado umetulia, maana ukishachoka utajishawishi kwamba zimebaki kona mbili.

Tazama pia utabiri wa hali ya hewa wa kileleni, si wa mji wa bondeni. Halijoto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Bondeni kukiwa na nyuzi 24, kilele kilicho mita 1,500 juu yako kinaweza kuwa na nyuzi 14, kabla hujahesabu upepo na jasho lililolowanisha fulana.

2. Fungasha, kisha toa

Tandaza kila kitu sakafuni, kisha ondoa ulichobeba kwa sababu ya "huenda nikakihitaji". Vifaa vya matengenezo na nguo za baridi havihusiki na punguzo hili. Jeans ya pili inahusika.

Vitu vizito vikae chini kabisa na karibu na ekseli. Pande mbili za keria zilingane uzito. Ukiinua begi la kulia na la kushoto kwa mikono usihisi tofauti. Kosa la kawaida ni kupandisha kila kitu nyuma. Kwenye mlima mkali gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani unazurura, na kwenye mteremko mkia mzito unaweza kuitetemesha baiskeli nzima. Ukiwa na keria ya mbele, hamishia huko vitu kama chakula na vyombo vya kupikia. Usipokuwa nayo, funga hata hema kwenye usukani.

Koti, glavu na chakula cha mchana vikae juu kabisa. Kileleni upepo ukivuma hutaki kufukua begi zima.

3. Kagua baiskeli jioni

Fanya ukaguzi jioni, kwa sababu asubuhi una haraka na baridi imekushika vidole.

Minya breki zote mbili kwa nguvu zako zote huku ukisukuma baiskeli mbele. Mikono yake isiguse usukani. Pitisha vidole kwenye spoki mbili mbili, iliyolegea utaisikia. Tazama tairi kama lina kipande cha kioo au mwiba. Kaza boliti zote za keria, kwani mtikisiko huzilegeza moja moja bila wewe kujua.

Kisha jaribio muhimu kuliko yote: inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli, na uhamishe cheni hadi kwenye gia nyepesi kabisa. Sikiliza. Ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni ukigusa spoki hata kidogo, rekebisha skrubu yake ya kikomo kabla ya kulala. Baiskeli ikiwa imeanguka kwa upande wa kulia, au imesafirishwa kwenye basi, mkono huo unaweza kuwa umepinda ndani kidogo. Tambarare huwezi kugundua, kwani gia hiyo huitumii. Utagundua mlimani: mkono unaingia kwenye spoki, unakatika, na siku yako inaishia hapo.

4. Ondoka mapema

Milimani, hasa majira ya joto, mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri na radi huja mchana au alasiri. Lenga kuwa umevuka kilele kabla ya saa sita mchana. Kwa mlima wa saa sita na nusu kama ule wa mfano wetu, hiyo inamaanisha kuanza kabla ya mapambazuko, au kulala siku iliyotangulia mahali palipo juu zaidi ili asubuhi ikubakizie kipande tu. Mimi napendelea hili la pili.

Kunywa maji ya kutosha kabla ya kuanza, na ule chakula cha wanga kisicho na mafuta mengi. Mafuta ya mapema hukaa tumboni saa nyingi.

5. Saa ya kwanza: nenda polepole mpaka uone aibu

Hapa ndipo siku nyingi huharibika. Umelala vizuri, hewa ni baridi, miguu inataka kwenda. Ikatalie. Weka gia nyepesi kuliko unayodhani unaihitaji na uendeshe kwa mwendo ambao ungeweza kusimulia kisa kirefu bila kukata pumzi. Ukianza kujibu kwa neno moja moja, umezidisha.

Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na ini, na ukikanyaga kwa nguvu unaitumia haraka mno. Ikiisha huwezi kuirudisha ukiwa safarini kwa kasi unayoitumia. Anayeanza taratibu huitumia kidogo, huku mafuta ya mwili yakifanya sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana mzee anayekwenda mwendo wa konokono hukupita saa tano asubuhi, wewe ukiwa umekaa juu ya jiwe.

6. Kupanda kwenyewe

Kaa kwenye kiti. Kusimama juu ya pedeli kunafaa kwa sekunde chache, kunyoosha mgongo au kuvuka kipande kikali, lakini baiskeli yenye mabegi huyumba ukisimama na hukuchosha haraka. Zungusha miguu kati ya mara 60 na 80 kwa dakika. Ikishuka chini ya hapo, magoti ndiyo yanayolipa. Mikono ishike usukani kwa ulegevu, mabega yashuke, viwiko vikunjike kidogo.

Badilisha gia kabla hujahitaji. Ukiona mbele barabara inainuka, hamisha sasa, huku ukipunguza nguvu ya mguu kwa nusu mzunguko. Anayesubiri hadi akwame, kisha akahamisha gia huku anakanyaga kwa uzito wote, huangusha cheni au kuikata.

Kwenye kona za kugeuka nyuma, upande wa ndani ndio mkali zaidi. Barabara ikiwa wazi na unaona mbali, pitia sehemu ya nje ya upande wako, umbali unaongezeka kidogo lakini ukali unapungua. Usivuke kwenda upande wa magari yanayokuja usipoyaona. Vivyo hivyo kupanda kwa kwenda mshazari kulia na kushoto: kunapunguza ukali, na kunafaa tu kwenye barabara tupu kabisa.

Usitazame kilele. Tazama mita ishirini mbele, na uwe na lengo la karibu: kona inayofuata, nguzo ile, mti ule. Kilele unachokiona mara nyingi si chenyewe. Kipo kingine nyuma yake.

Pumzika kidogo na mara chache. Dakika tano kila baada ya saa moja zinatosha, ukiwa umesimama au unatembea. Ukikaa nusu saa misuli inapoa, na dakika kumi za kwanza baada ya hapo zitakuwa mbaya kuliko zote.

7. Kula na kunywa kwa saa, usisubiri hamu

Weka kengele ya simu ilie kila dakika 30. Ikilia, kula kitu kidogo: ndizi, tende, kipande cha mkate, chochote kinachoshuka kirahisi. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 27.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, kutegemea joto. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo usipande na lita tano kama kuna chemchemi safi katikati. Ndiyo sababu uliandika mahali pa maji kwenye hatua ya kwanza. Maji ya kijito yachuje au yatibu, hata yakiwa baridi na maangavu, kwani huoni mifugo iliyo juu yake.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Anayekunywa maji matupu mengi kwa saa nyingi huku akitoka jasho anaweza kushusha chumvi ya mwili hadi kiwango cha hatari. Kula kitu chenye chumvi, au tia chumvi kidogo kwenye chupa moja.

8. Kusukuma kunaruhusiwa

Kuna ukali ambao kusukuma ni akili. Mtu anayetembea na baiskeli yenye mizigo huenda kilomita 3 au 4 kwa saa. Kama kwa kukanyaga unapata 4 huku moyo unagonga masikioni, umepoteza nini ukishuka? Dakika kumi za kutembea hupumzisha makalio na mgongo.

Shuka kabla ya kukwama kabisa. Baiskeli nzito ikisimama ghafla kwenye mlima mkali huanguka nawe, mara nyingi kuelekea barabarani. Sukuma ukiwa upande wa nje wa barabara kwa namna ambayo madereva wanakuona, na shika breki ya nyuma unapopumua. Kuanza tena kupanda ukiwa katikati ya mlima ni shida. Tafuta kipande kilicho bapa kidogo, au anza kwa kukata barabara mshazari ikiwa tupu.

9. Kileleni: vaa kwanza, picha baadaye

Umefika, umelowa jasho, na upepo upo. Una dakika chache kabla ya baridi kukuingia. Vua fulana iliyolowa, vaa ile kavu, kisha koti, glavu na kofia. Ndipo utoe simu. Ukisahau koti, gazeti lililoingizwa kifuani chini ya nguo huzuia upepo vizuri. Waendeshaji wa mashindano walilitumia kwa miaka mingi.

Jua la huko juu huunguza hata kukiwa na baridi. Mionzi yake huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000. Paka mafuta masikio, pua na nyuma ya shingo.

Kabla ya kuondoka, minya breki zote mbili, tazama kama pedi hazijaisha, na bonyeza tairi kwa kidole gumba. Kula kidogo. Mteremko unahitaji akili iliyo macho, na akili yenye njaa hukosea kona.

10. Mteremko

Hapa ndipo watu huumia. Ulipokuwa unapanda, kosa lilikugharimu pumzi. Sasa lina bei nyingine.

Kilo 100 zinaposhuka mita 1,000 hutoa nishati ya kutosha kuchemsha karibu lita tatu za maji. Sehemu inachukuliwa na hewa inayokupiga kifuani, iliyobaki inaishia kwenye breki zako. Ukizishika kidogokidogo mfululizo kutoka juu hadi chini, joto halipati nafasi ya kutoka. Breki za rimu, zinazobana ukingo wa gurudumu, huweza kuchemsha rimu hadi gundi ya viraka ilegee au tyubu ipasuke. Breki za diski nazo pedi hung'aa na kupoteza mshiko, na zile za mafuta zinaweza kuchemka ndani.

Fanya hivi: kwenye kipande kilichonyooka na salama, kaa wima, kifua kikamate upepo, acha baiskeli iende kwa kasi unayoimudu. Ukikaribia kona, shika breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi ukiwa bado umenyooka, kisha ziachie na uingie konani. Usianze kushika breki ukiwa umeshalala ndani ya kona. Pedeli ya nje iwe chini na uikanyage. Macho yatazame kule unakotokea, kwani baiskeli hufuata macho. Ukikodolea ukingo wa korongo, utauendea.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, na wengi huiogopa bure. Kwenye lami kavu itumie ukiwa umesogeza makalio nyuma. Kwenye changarawe, majani yaliyolowa au mistari ya rangi barabarani iwe kwa upole sana.

Breki za rimu kwenye mvua huchelewa kushika: mzunguko wa kwanza wa gurudumu hufuta maji tu. Anza mapema.

Simama kila baada ya mita 300 au 400 za kimo ulizoshuka, nyoosha vidole, acha breki zipoe. Usiguse diski kwa kidole, na usiimwagie maji, inaweza kupinda. Kabla ya handaki vua miwani ya giza na washa taa zote mbili ukiwa bado nje.

11. Alasiri, na pa kulala

Kukishapata joto, upepo hupanda kutoka bondeni kwenda juu. Ndiyo maana anayeshuka alasiri akidhani atateleza tu hadi mjini hujikuta anakanyaga pedeli dhidi ya upepo wa mbisho kwenye kilomita za mwisho. Weka hesabu ya saa moja ya ziada, na chakula cha saa hiyo.

Tafuta pa kulala saa mbili kabla ya giza. Hewa baridi huteremka usiku na kutuama kwenye sakafu ya bonde, kwa hiyo pembeni kidogo, mita 20 au 30 juu ya mto, huwa na joto zaidi na umande mchache. Usipige hema kwenye mkondo mkavu. Mvua inaweza kunyesha juu usikoiona, maji yakakufikia usingizini.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Nguvu zimeisha ghafla, unatetemeka, unakasirika bila sababu. Ni njaa ya sukari. Simama, kula kitu kitamu, vaa koti, subiri dakika 15 hadi 20. Kisha endelea kwa nusu ya mwendo uliokuwa nao na ule kila dakika 20.

Goti linauma mbele. Mara nyingi kiti kiko chini mno au gia ni nzito. Pandisha kiti milimita 3 hadi 5, shusha gia. Likiuma nyuma, kiti kiko juu mno. Usibadilishe zaidi ya hapo kwa siku moja.

Kichwa kinauma na kichefuchefu, uko juu ya mita 2,500. Chukulia ni kimo hadi ithibitike vingine. Usipande tena. Hali ikizidi, ukianza kuyumba unapotembea, kuchanganyikiwa, au kuhema hata umekaa, shuka mara moja, hata kama ni usiku, na utafute matibabu.

Radi. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Zikiwa pungufu ya 30, umeshakuwa ndani ya eneo la hatari. Shuka kutoka kwenye mgongo wa mlima, usijikinge chini ya mti ulio peke yake, kaa mbali na uzio wa chuma. Jengo au gari ndiyo kinga. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Baiskeli inatetemeka kwenye mteremko. Usikaze mikono. Bana bomba la juu la fremu kwa goti, inua makalio kidogo kwenye kiti, punguza kasi taratibu. Ukishasimama, hamisha uzito kutoka nyuma kwenda mbele na ukaze mabegi.

Pancha ukiwa katika kasi. Usigeuze usukani. Shika breki ya gurudumu lililo zima, simama ukiwa umenyooka. Kabla ya kuweka tyubu mpya subiri rimu ipoe.

Spoki imekatika. Izungushie iliyo jirani au itoe, isije ikanaswa. Gurudumu likipiga pembeni hadi liguse breki, legeza kidogo spoki mbili za jirani zinazovuta upande wa pili. Ikiwa ni breki ya rimu na bado inagusa, panua nafasi ya pedi na ushuke ukitembea. Usiteremke mlima kwa breki moja.

Waya wa gia ya nyuma umekatika. Cheni itaangukia sproketi ndogo kabisa, yaani gia nzito kuliko zote. Ikiwa kipande kirefu cha waya kimebaki nyuma, sukuma mkono wa gia kwa kidole hadi cheni ipande sproketi ya kati, vuta waya ukaze, kisha ufunge kwa boliti ya kishikio cha chupa. Utakuwa na gia moja ya nyuma, pamoja na zile za mbele kama unazo zaidi ya moja. Palipo pakali, sukuma.

Saa ya kugeuza imefika na kilele hakijafika. Vaa koti, washa taa, kagua breki, geuza. Kesho anza saa mbili mapema zaidi, na begi likiwa limepungua.